Mdomo Uliofichwa na Muhuri

Dada yangu alipiga simu nikiwa nimesimama kwenye mashine ya fotokopi, akasema kaburi la mama litajengewa vigae kabla mvua hazijaanza, na kwamba upande wa kichwani wanataka kiwepo kigae chenye picha yake. "Wewe si ndiye unafanya kazi za picha huko Bariadi," akasema. "Hilo ni lako." Hakuuliza kama naweza. Akakata simu, na mteja aliyekuwa mbele yangu akanikumbusha kwamba alitaka nakala nne, siyo sita.

Mama alifariki nikiwa na mwaka mmoja na nusu. Simkumbuki. Watu wakiniuliza huwa nasema hivyo haraka, ili tupite hapo twende kwingine. Picha yake iliyobaki ni moja tu, ya pasipoti, nyeusi na nyeupe, na imebandikwa kwenye kadi ya kikundi cha akina mama wa kanisani kijijini kwetu, Bukundi. Aliyeitengeneza kadi alipiga muhuri nusu juu ya karatasi na nusu juu ya picha, kama ilivyo kawaida, ila mkono wake ulienda vibaya. Wino ulifunika shavu la kushoto, mdomo wote na sehemu ya kidevu. Kwa hiyo mimi nimekua nikimjua mama kuanzia puani kwenda juu.

Siku hiyohiyo niliitoa ile kadi mkobani, ninakoitunza, nikaiingiza kwenye kompyuta ya dukani na kuikuza. Ikiwa ndogo, ilikuwa sura. Nilipoikuza mara tatu ikawa ukungu, na nilipoikuza hadi kufikia ukubwa wa kigae, jicho la mama likawa miraba ya kijivu iliyopangwa kama matofali, na muhuri ukawa miraba ya zambarau. Nikaifunga. Nikaifungua tena. Nikaenda nje nikanunua maji ambayo sikuyanywa.

Lazima niseme kidogo jinsi nilivyofika pale dukani, maana mimi si mtu wa kukaa. Nilianza kufundisha chekechea nikaacha katikati ya mwaka. Nikauza nguo za mitumba pamoja na dada kwenye mnada wa Mwandoya, tukagombana. Msimu mmoja wa pamba niliandika majina ya wakulima kwenye mizani, na msimu ulipokwisha sikusubiri kuambiwa niondoke. Kila mahali ilikuwa hivyohivyo: miezi michache, halafu nyayo zinaanza kuwasha, natazama barabara. Bariadi nilikuja kwa sababu kulikuwa na ofisi nyingi za serikali, na penye ofisi nyingi hapakosi duka la kuchapa barua na kupiga picha za pasipoti. Nilijiambia nitakaa mpaka mwisho wa mwaka.

Kilichonikalisha kilitoka kibanda cha jirani. Kulikuwa na fundi mmoja pale, mtu mzima, ambaye zamani alikuwa akichora mabango kwa brashi na rangi ya mafuta. Mabango ya kuchapwa yalipoingia mjini alinunua mashine ya kukata stika, na sasa wateja wake wakubwa walikuwa waendesha bodaboda. Asubuhi moja kijana wa bodaboda aliingia dukani kwetu akinionyesha kwenye simu picha ya fahali wa baba yake. Alitaka awe stika kwenye tangi la pikipiki. Nikaichukua ile picha nikampelekea fundi, nikidhani kazi yangu imeishia hapo. Fundi akacheka.

"Mashine hii haina macho," akaniambia. "Ina kisu tu. Kisu kinataka kuambiwa kianzie wapi, kipite wapi, kiishie wapi. Picha ya simu haikiambii hayo."

"Inakiambia nini?"

"Rangi tu. Hapa kuna tone jeusi, hapa la kahawia, hapa jeusi tena, mpaka mwisho. Ukiikuza, matone yanakuwa makubwa, basi. Yenyewe haijui kwamba ile ni pembe."

Kisha akanionyesha vekta. Ndilo neno alilotumia, na nilikuwa sijawahi kulisikia nje ya hisabati ya shule. Aliweka nukta moja kwenye shina la pembe na nyingine kwenye ncha. Mstari ukaziunganisha, umenyooka kabisa. Kila nukta ilikuwa na kishikio kidogo kama kijiti. Alipokivuta, mstari ukapinda taratibu mpaka ukalala juu ya ukingo wa pembe.

"Umeona watu wakipima kiwanja kwa vigingi na kamba?" akauliza. "Ndiyo hii. Wewe unapigilia vigingi, kompyuta inashika kamba."

Akaipunguza ile pembe ikawa ndogo kama punje ya ufuta. Akaikuza ikajaa kioo chote. Ukingo wake ulikuwa uleule, safi, hauna mraba hata mmoja. Akanieleza kwamba kompyuta haikuitunza picha yenyewe. Ilitunza maelekezo, anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, na kila ukibadilisha ukubwa inachora upya tangu mwanzo. Nikamwomba arudie. Akarudia, akanipisha kwenye kiti chake akaenda kunywa chai.

Fahali wa yule kijana nilimchora kwa nukta sitini na kitu, na alionekana kama anatetemeka kwa baridi. Fundi alirudi, akatazama, akasema ondoa. Ondoa nini? Ondoa nukta, kila usiyoihitaji itaufanya mstari utetemeke. Nikaondoa mpaka zikabaki ishirini na mbili, na kadiri nilivyopunguza ndivyo nundu ilivyozidi kuwa nundu na shingo ikazidi kuwa nzito. Niliposhtuka, wateja wawili walikuwa wameondoka dukani kwetu kwa hasira na mimi sikuwa nimeinuka kwa saa tatu. Haijawahi kunitokea. Si kwamba nilitulia. Mkono ulikuwa ukienda na kurudi bila kupumzika, na kichwa kilikuwa kikisema bado, bado kidogo. Lakini kwa mara ya kwanza hayo mahangaiko yalikuwa na mahali pa kukaa.

Tangu hapo nikawa naenda kwa fundi kila nikipata nafasi. Nikapata programu ya bure nikaiweka kwenye kompyuta mpakato kuukuu niliyonunua kwa mtu aliyehamishwa kazi. Nilichora nembo za vikundi, majina ya harusi, jogoo, pikipiki. Kwenye foleni nilikuwa natazama taya ya mtu nikihesabu ingehitaji nukta ngapi. Nilipenda kwamba mstari haukauki kama rangi. Kesho unaweza kuufungua ukausogeza. Hilohilo ndilo lililonitesa, kwa sababu hakuna kitu nilichokimaliza nikakubali kwamba kimekwisha.

Hivyo siku ile dada alipopiga simu, baada ya kuhangaika na ile miraba, nilijua njia. Sikuwa na haja ya kuikuza picha ya mama. Nilihitaji kuipitishia mstari.

Niliilaza picha chini, nikaanza kuchora juu yake kati ya mteja na mteja. Nyusi zilikuwa rahisi. Paji la uso lilinichukua siku mbili. Nywele alikuwa amezifunga nyuma, na masikio yote mawili yalionekana. Kwa macho nilitumia rangi tatu tu, nyeusi na kijivu za aina mbili, na siku yalipokaa sawa nilisukuma kiti nyuma, maana yalikuwa yananitazama. Halafu nikafika kwenye muhuri.

Nilijaribu kuona chini ya wino. Nilibadilisha mwanga, nikafuta zambarau, nikapata doa jeupe lisilosema kitu. Nikachora mdomo wa kawaida tu, wa mtu yeyote, ukaonekana umebandikwa. Nikaufuta. Nikachora mwingine, nikafuta. Siku nne nilikuwa nikiinuka, naenda mlangoni, natazama pikipiki zikipita, narudi. Siku ya tano ukaja mdomo mmoja ambao ulikaa. Sikuufikiria, mkono ulikwenda wenyewe. Sura yote ikakamilika. Nilimtumia dada hapohapo kabla sijabadili mawazo.

Alipiga baada ya dakika chache. "Umenitumia picha gani hii?"

"Ya mama."

"Hapana. Huyu ni wewe."

"Dada, itazame vizuri."

"Naitazama. Macho ya mama, mdomo wako. Umejichora."

Dukani tuna kioo ambacho wanaopiga picha za pasipoti hujitazamia wakichana nywele. Nilikiendea. Nilikuwa na haya kama mtu aliyefumaniwa akijaribu nguo ya mwenzake. Mdomo ulikuwa wangu kweli, na ule mkunjo mdogo wa pembeni ambao nimekuwa nao tangu nikiwa shule. Mahali ambapo mama hakuonekana, nilikuwa nimejiweka mimi.

Niliomba ruhusa ya wiki moja, nikaenda kwa dada, Mwandoya.

Dada yangu alikuwa na miaka tisa mama alipofariki, na nyumbani kwetu yeye ndiye aliyekuwa akisemwa kuwa anamkumbuka. Nilimkuta barazani anachambua karanga. Alinikaribisha kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai, akauliza habari za Bariadi, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshafungua kompyuta magotini.

"Sema," nikamwambia. "Mdomo wake ulikuwaje?"

"Ulikuwa mpana."

Nikavuta nukta za pembeni.

"Siyo hivyo. Umekuwa chura. Rudisha. Juu uwe mwembamba kidogo. Hapana. Chini ujae."

Nilisogeza, nikarudisha, nikasogeza. Alikuwa akiinama karibu, akisogea nyuma, akifumba macho kisha akifumbua ghafla kama anayetaka kumkuta mama pale kabla hajaondoka. Mara akasukuma ungo wa karanga.

"Acha kuuchezeachezea! Kila ukisogeza namsahau zaidi."

Punda wa jirani alipita na madumu ya maji. Dada akajifuta uso kwa upande wa kanga.

"Mimi nilikuwa natembea nyuma yake," akasema. "Kwenda shambani, kwenda kisimani, siku zote nyuma. Mgongo wake naujua. Visigino vyake navijua, cha kulia kilikuwa na mpasuko. Uso... mtu akikuita unamwangalia, basi, hujui kwamba siku moja utaulizwa."

Kwa miaka yote nilikuwa nikimwonea wivu kwa kumbukumbu ambazo hakuwa nazo. Nikamuuliza kama nimchoree visigino, na tulicheka kicheko kibaya ambacho kiliishia kwenye machozi. Kisha akasema jambo ambalo wote wawili tulikuwa tukilikwepa. "Nenda kwa baba."

Baba hakuwahi kutuzungumzia mama. Si kwa ukali. Ukilitaja jina lake alikuwa anainuka kwenda kutazama ng'ombe, hata kama ng'ombe wamelala. Anaishi Bukundi na kaka yetu na familia yake, na bado anachunga mwenyewe ingawa magoti yanamsumbua. Nilifika asubuhi, nikapiga goti kumsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu." Ndivyo anavyoniita, mama, kama akina baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

"Nimekuja na picha. Ile ya kaburini. Nataka uitazame."

"Nimesikia," akasema, akachukua fimbo.

Siku ya kwanza alirudi na ng'ombe, akala, akalala. Siku ya pili vilevile. Mimi nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nilitembea mpaka barabarani na kurudi, nikaenda tena. Pale nyumbani kuna umeme wa jua wa kuwasha taa na kuchaji simu, si wa kompyuta, kwa hiyo kila nikiifungua mashine kuona kama chaji inatosha, ilikuwa imepungua kwa sababu ya huko kuifungua. Nilijua hivyo na bado niliifungua.

Siku ya tatu sikungoja. Niliifunga kompyuta ndani ya mfuko mgongoni nikamfuata mpaka lambo. Ng'ombe walikuwa wakinywa. Alikuwa amekaa kwenye tuta la udongo mweusi, akanitazama nikipanda.

"Hiyo kitu inaonekana juani?" akauliza.

Haikuonekana. Kioo kilikuwa cheusi kwa mwanga. Nikavua kitenge changu cha juu, nikatufunika nacho vichwa vyetu viwili pamoja na mashine. Humo ndani kulikuwa na joto na harufu ya maziwa na tumbaku. Sijawahi kukaa karibu na baba kiasi kile tangu nikue.

Alitazama kwa muda mrefu.

"Macho ni yake," akasema. Kisha: "Mdomo ni wako."

"Najua, baba."

"Uondoe."

Nikaufuta. Alivuta pumzi, labda kwa kumwona hivyo, sura isiyo na mdomo. Halafu akaweka kidole gumba kwenye kioo, kikaacha vumbi. "Anzia hapa."

Nikaweka nukta kwenye vumbi.

"Nenda nao. Shuka kidogo. Umeshuka sana. Hapo. Sasa hiyo unayoivuta ni nini?"

"Ni kishikio. Nikivuta huku, mstari unapinda."

"Na ukikosea?"

"Narudisha."

"Mara ngapi?"

"Hata mara mia."

"Hiyo ni kazi nzuri," akasema. Katika kazi zote nilizopitia, hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema hivyo.

Chaji ilikuwa asilimia tisa. Mikono ilikuwa inatoa jasho na kidole kilikuwa kikiteleza kwenye kipanya cha kugusa. Baba hakuwa na haraka. Alisema mdomo wa juu ulikuwa na bonde katikati, akaonyesha kina chake kwa ukucha. Alisema upande wa kulia ulikuwa ukitangulia. "Akitaka kucheka, huu unaanza, huu unafuata baadaye. Hata mkiwa mmegombana unauona umeanza."

"Kwani kwenye picha alikuwa anacheka?"

"Kwenye picha nani anacheka? Walikuwa wanakatazwa. Lakini ulikuwa tayari. Nilikuwepo, nilisimama nyuma ya mpiga picha."

Hilo pia sikuwahi kulijua. Nilivuta kona ya kulia ikapanda, upana wa unywele mmoja tu. Asilimia sita. Kupitia mwanya wa kitenge niliona ng'ombe mmoja mwekundu ameacha wenzake anaelekea kwenye mtama wa watu.

"Baba, ng'ombe."

"Namwona."

Hakuinuka. "Punguza huku chini," akasema. "Kidogo. Tena. Hapo. Usiguse."

Nikahifadhi. Baba akatoka chini ya kitenge, akashika fimbo, na yule mzee wa magoti mabovu akakimbia kuteremka tuta akimpigia kelele ng'ombe kwa sauti ambayo ilisikika mpaka ng'ambo ya lambo. Sikuweza kujua kama sauti yote ile ilikuwa ya ng'ombe.

Nilibaki na kioo kwa dakika mbili za mwisho. Nilikuwa nimetegemea kwamba mdomo ukija, kitu ndani yangu kitasema ndiyo. Hakikusema. Alikuwa mwanamke nisiyemjua, kijana kuliko mimi, mwenye mdomo mpana kidogo uliopanda upande mmoja kana kwamba anataka kumwambia mtu jambo. Hatukufanana. Kwa muda niliukumbuka ule mdomo wangu niliokuwa nimempa, nikatamani ningekuwa nimeuhifadhi pembeni. Kisha mashine ikazima.

Dada nilimtumia nikiwa nimerudi Bariadi. Alikaa siku nzima bila kujibu. Jioni akaandika: Ndiyo. Alikuwa anakuja kunichapa, halafu upande huo wa mdomo ukawa umeshaanza kucheka.

Kigae kilitengenezwa na mtu aliyefahamiana na fundi. Kutoka kwenye faili lilelile nilichapa pia bango la ibada ya kumbukumbu, siku ya kuweka kigae, refu kuliko mimi, na nikakata stika ndogo kama ukucha ambayo dada aliibandika ndani ya kifuniko cha simu. Fundi alilikagua bango kwa mbali, akalisogelea mpaka pua ikakaribia kuligusa, akipitisha kidole kwenye ukingo wa shavu akitafuta mahali panapotetemeka. Hakupaona. Akasema nukta za sikioni zimezidi mbili.

Siku ya kumbukumbu watu walikuja wengi, na waliomjua mama walisimama mbele ya bango wakibishana. Mmoja alisema ndiye kabisa. Mwingine alisema alikuwa mweusi zaidi. Bibi mmoja aliuliza nani kapiga hiyo picha, na alipoambiwa haikupigwa, imechorwa na binti ambaye hakumwona, alinishika mkono akaugeuza kutazama kiganja, akauachia. Baba alikaa mbele na kofia yake magotini. Kigae kikawekwa, saruji ikapigwa, tukala, watu wakatawanyika.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa nachapa barua ya mtu simu ikaita. Baba huwa hapigi. Nilitoka nje.

"Nimekuwa nakaa pale jioni," akasema bila salamu. "Shingo. Ilikuwa ndefu kidogo."

"Baba, kigae kimeshakauka. Hakitoki bila kuvunja."

"Najua. Lakini huko kwako si bado ipo?"

"Ipo."

"Basi sogeza."

Simu yake ni ya vitufe, haioneshi picha. Hataiona. Nilimwambia asubiri, nikaingia ndani, nikafungua faili, nikashika nukta mbili za chini ya taya na kuzishusha. Mteja wangu alikuwa akigonga meza kwa kalamu. Nikarudi kwenye simu.

"Imekaa?" akauliza.

"Imekaa."

"Haya." Akakata.

Jumanne iliyofuata alipiga tena. Safari hii ilikuwa jicho la kushoto.